Ile O ya Kuk

Chela mwanangu,

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kutotoa simu ukiwa barabarani, yote nimekuambia tangu wiki jana mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Sitayarudia hapa. Umelala, mkono wako umening'inia nje ya kitanda, vidole vina rangi ya bluu ambayo hata parafini imeshindwa kutoa. Nimechukua kalamu yako. Nataka kukuambia habari ya Kuk.

Jina la Kuk umekua ukilisikia hapa senta. Kila mtu anasema tukutane Kuk, nishushe Kuk, ng'ombe wa fulani amepotea akapatikana Kuk. Ulipojua kusoma ulirudi kutoka shule ukaniambia, "Mama, kwa poshomili ya Mzee Koros wameandika KUSAGA NA KUK. Hawajamaliza." Nikakuambia, "Kula." Hilo ndilo jibu nililokupa, na ulipouliza tena mwaka mwingine nilikuambia uende ufunge ndama.

Aliyeandika ni kaka yangu Ngeno, mjomba wako. Aliyeachiwa kumalizia ni mimi.

Watu walikuambia nilikuwa nambebea mikebe ya rangi. Ni kweli, nilibeba. Lakini hawakukuambia kwamba nilikuwa najifunza. Nilikuwa nimetoka shule kidato cha pili kwa sababu yako, hiyo unaijua na hatuna siri nayo, na baba yako alikuwa ameshaenda zake. Nilikuwa nakaa hapa kwa kogo, nyanya yako, nachuma majani ya chai, naosha nepi, naona kama maisha yamefungwa na kufuli. Ngeno akaniambia, "Rael, wewe una macho. Njoo ushike uzi."

Ule uzi ulikuwa umepakwa chaki. Yeye alishika ncha moja, mimi ncha nyingine, tukauvuta ukakaza ukutani, halafu akaubinya katikati na kuuachia. Tap! Mstari mweupe, umenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona hapa kwetu. Nilicheka kama mtoto. Wewe ulikuwa mgongoni ukashtuka ukalia, tukacheka wote wawili.

Alinifundisha kwa mabati ya zamani nyuma ya zizi. Kwanza mistari tu, ya kusimama na ya kulala, mpaka nikachukia. Halafu L, T, E, H. Hizo ni herufi za fundi wa mbao, alisema, mtu yeyote mwenye subira anazipata. Halafu akaniletea O, na hapo ndipo nilikwama. Niliandika O nyingi sana kwa yale mabati na zote zilikuwa mayai. Nilizipima na rula zikae sawa kabisa kati ya mistari miwili, chini imegusa, juu imegusa, na bado zilionekana ndogo kuliko wenzao.

"Kwa sababu umezipima," Ngeno aliniambia. "O ikikaa sawa na wenzake inaonekana mtoto. Ipitishe mstari kidogo juu, kidogo chini. Hapo ndipo jicho litasema iko sawa."

"Sasa mstari ni wa nini kama ni kupita?"

"Ni wa kujua umepita kiasi gani."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Maneno machache, halafu anapiga mluzi. R yake ilikuwa na mguu uliorushwa mbele kama mtu anayepiga mpira, na alipenda nyekundu kupita kiasi. Nyekundu haina adabu, alisema. Ukiifunika na koti moja la rangi nyingine, mvua mbili na jua moja inachungulia tena.

Siku ya poshomili tulianza mapema kabla mahindi hayajakuwa mengi. Aliandika KUSAGA, akaandika NA, akashuka, akasogeza ngazi, akaandika K, U, K. Wakati huo kulikuwa na foleni ya watu na magunia, wanaume wamekaa kwenye ukuta mfupi wakisoma kila herufi kwa sauti kama watoto wa chekechea. Nyekundu ikaanza kuisha kwenye mkebe. Ngeno akashuka, akafuta mikono, akasema anaenda Bomet mara moja kuchukua mkebe mwingine.

Akanipa brashi yake mkononi. Hakunipa ile yangu ya kujifunzia. Akasema, "Iliyobaki inatosha herufi moja. Hiyo O ni yako. Nikirudi niikute."

Akapanda nyuma ya pikipiki ya mtu aliyekuwa anashuka upande huo, akainua mkono. Hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Nitakuambia nilichofanya na ile O. Nilipanda ngazi na wewe mgongoni. Nilichovya brashi. Na wale wanaume wakaanza.

"Haiya! Leo kuku amepanda mti!"

"Dada, shuka, utatuangushia mtoto kwenye unga."

"Mwacheni aandike! Lakini Koros, usilie kesho watu wakiuliza hilo ni yai la nani."

Haikuwa ubaya, Chela. Ni maneno ya watu wanaongoja unga. Kama ingekuwa ni wewe ungewajibu, nakujua. Mimi niliangalia ukuta, nikaona vile herufi za Ngeno zimesimama vizuri, nikaona yai langu litakavyokaa hapo milele mbele ya kila mtu, na nikashuka. Nikasema nitamngoja mwenyewe. Jioni mvua ikanyesha ikaosha mistari ya chaki.

Hakurudi siku hiyo. Hakurudi wiki hiyo. Babu yako na wazee walienda Bomet, wakaenda polisi, wakaenda mochari zote mpaka Kericho. Mwenye duka la rangi alisema ndiyo, alikuja, alichukua mkebe, alikuwa anapiga mluzi. Basi. Mtu mzima na mkebe wa rangi nyekundu, na hakuna aliyeona alipopinda. Wengine walisema amekwenda kutafuta maisha. Wengine walisema mambo ambayo sitayaandika. Tulipotaka kulia, kogo alitukataza. "Mtu ambaye hajazikwa haliliwi," alisema, na aliendelea kumwachia chai kwenye chupa kila jioni mpaka yeye mwenyewe akatutoka. Ile chupa ya maua mekundu uliyokuwa unakatazwa kuigusa, ndiyo hiyo.

Na mimi nilikuwa na yangu. Ule mkebe mdogo ulio kwenye dirisha la zizi, ambao kila mara unafikiri ni mafuta ya kukamulia, ndani kuna brashi ya Ngeno. Brashi ya manyoya ikikauka na rangi imekufa, kwa hivyo niliilaza kwenye mafuta. Mafuta yakichafuka nabadilisha. Nimefanya hivyo umri wako wote. Unaniuliza mbona nachelewa zizini na ng'ombe ameshakamuliwa. Nilikuwa nalainisha brashi ya mtu aliyesema anarudi.

Sasa nikuambie kitu cha kijinga ambacho sijamwambia mtu. Miaka mingi nimeamini kwamba alirudi. Kwamba alirudi siku moja kabla watu hawajaamka, akasimama barabarani, akaangalia ukuta, akaona hakuna O. Na akaenda. Najua si kweli. Nikiwa kwenye majani mchana na kikapu mgongoni najua kabisa si kweli. Lakini nikipita pale Kuk na ukungu umeshuka, naangalia chini kwenye matope kama kuna alama ya viatu iliyosimama ikielekea ukuta. Nimetazama hayo matope wewe ukiwa umeshika mkono wangu, ukaniuliza, "Mama umeangusha nini?"

Halafu kuna ile siku ya Kapsoit, na barua hii yote nimeiandika ili nifike hapa, kwa sababu Kapsoit ndipo unapoenda kesho kujifunza kuandika mabango.

Ulikuwa na kama miaka mitano. Tulikuwa tumetoka kumwona shangazi, tunangoja gari kando ya barabara kubwa. Likapita lori la kubeba ng'ombe, nyuma yake limeandikwa BABA ATASHANGAA RAFIKI, na ile R, Chela. Mguu umerushwa. Nyekundu mbichi. Lori lilipunguza mwendo kwenye matuta na mimi nikakimbia. Sikukuambia ungoje. Sikuangalia. Niliachia mkono wako nikakimbia nyuma ya lori nikipiga mbao zake na kofi mpaka dereva akasimama.

"Nani ameandika hii?"

"Mama, kuna nini? Nimegonga mtu?"

"Nani ameandika!"

"Sijui! Gari nilinunua ikiwa hivi." Halafu akaniangalia vizuri akasema polepole, "Mama, wewe ni mgonjwa?"

Niliporudi ulikuwa umesimama kati ya magunia ya viazi ya mama mmoja mfanyabiashara, Mjaluo, mnene, amekushika bega. Ulikuwa umeacha kulia tayari, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Yule mama hakunigombeza. Alisema tu, "Huyu yuko hapa. Hata hajaenda mahali." Sijui kama alijua alichoniambia. Nimebeba maneno hayo kuliko mahubiri mengi. Ukiniuliza kwa nini unashtuka lori likifunga breki nyuma yako, jibu ni mimi.

Baadaye nikafikiri, Ngeno hakuzaliwa na ile R. Aliiona kwa mtu, akaipenda. Na yeye pia alifundisha wengine kabla yangu. Kuna watu wanaweza kuwa nayo kutoka hapa mpaka Malaba. Kwa hivyo utaiona, Chela. Unaenda kukaa kando ya barabara ambayo malori yote yanapita, na kazi yako itakuwa kuangalia herufi. Nakuomba hili moja, na hili ni zaidi ya ombi: usimtafute. Sikutumi. Ukiona ile R, iangalie kama fundi, uone imeanzia wapi, mkono umegeuka wapi. Ukiipenda, ichukue iwe yako. Lakini usiachie mkono wa mtu aliye hai kuikimbilia.

Kuna kosa lingine na hili ni la karibuni. Ulipoandika lile bango la Mama Faith la chai na chapati, lile la kwanza. Ulianza kushoto na herufi kubwa za furaha, CHAI NA CHAP, halafu ubao ukaisha, ATI ukaibana pembeni kama abiria wa mwisho. Mama Faith alicheka mpaka akashika nguzo. "Chela, hii chapati imekatwa na nani? Wateja watasema napunja!" Ulicheka naye, ukaja nyumbani ukalia chini ya kitanda ukidhani sisikii.

Nilikuwa naosha sufuria. Na nilijua. Nilijua kwamba unahesabu herufi kwanza, unatafuta ile ya katikati, unaanzia hapo kwa chaki ukienda pande zote mbili. Nilijua kwamba I ni nyembamba, haihesabiwi kama herufi nyingine. Kulikuwa na mtoto wangu analia kwa kitu ambacho nina dawa yake kichwani, na nikasugua sufuria mpaka ikakaribia kutoboka, kwa sababu nikifungua mdomo ungeuliza, "Mama, ulijulia wapi?" Nilikuacha ujifunze peke yako kwenye magunia na wilbaro ya jirani, na ulijifunza, lakini polepole kuliko ulivyostahili. Hiyo ilikuwa choyo ya huzuni. Sijui jina lingine la kuiita.

Ndiyo maana Fundi Omondi wa mabango kule Kapsoit alipokuja hapa mwezi uliopita, akanywa chai akasema, "Mama Chela, mtoto ana jicho, mkono nitampa mimi," mimi nilinyamaza vile, ukadhani nakataa. Ulitoka nje ukapiga mlango. Sikuwa nakataa. Nilikuwa nasikia "una macho" kwa sauti nyingine. Yeye alidhani nahofia ni mwanamume na kazi ni ya ngazi, akaanza kunieleza habari ya mke wake na chumba utakachokaa na wasichana wake. Maskini. Nilimwambia aje tena Jumapili, na alikuja, na nilisema ndiyo, na ile ndiyo ilinitoka kama jino.

Sasa leo.

Jana Mzee Koros alitangaza pale kwa kupima majani kwamba kuna kampuni imekuja, wanapaka maduka yote ya senta bure, kijani kutoka mwanzo hadi mwisho, na alama yao juu. Jumatatu wanakuja na mashine ya kupuliza. Watu walifurahi. Mimi nilimwaga majani yangu kwenye mzani na sikusikia kilo.

Leo ulipoenda kuaga watu wa kwaya, nilitoa brashi kwenye mafuta. Nikaiosha. Nikanunua mkebe mdogo, nyekundu. Nikaenda Kuk.

"Mzee, naomba ngazi."

"Ya nini, Mama Chela?"

"Nimalize."

Aliangalia ukuta, akaniangalia. Amezeeka, macho yana ukungu. "Lakini Jumatatu wanafunika yote."

"Najua."

"Sasa unaandika ili ifunikwe?"

"Ndiyo, Mzee."

Alizima mashine mwenyewe, watu wakapiga kelele unga wao uko katikati, akawaambia wangoje. Akaleta ngazi na akaishika kwa mikono yake miwili. Tukavuta uzi wa chaki, mimi na yule kijana wake wa kusaga. Tap. Nilikaribia kushuka hapo hapo.

Na wanaume walikuwa kwenye ukuta mfupi, Chela. Wengine ni watoto wa wale wale.

"Mama Chela, malizia! Tumezaliwa na njaa ya hilo neno!"

"Sasa akimaliza, senta itaitwaje? Nitawaambia abiria washuke wapi?"

"Shuka Oboa!"

Safari hii nilicheka. Ngazi ikatikisika, Mzee akasema tulia. Nikaanzia juu upande wa kushoto, nikashuka kama mtu anayevuta upinde, nikapita mstari wa chini. Nikarudi juu, nikashuka kulia. Nilisikia mkono unataka kusimama pale kwenye mstari, unataka kuwa mwema, na nikaulazimisha upite. Halafu B. Halafu O nyingine. Halafu A, kwa haraka.

Nikashuka. Kulikuwa na bibi mmoja kwenye foleni amekalia gunia lake, simjui, labda ametoka upande wa Siongiroi. Alisoma yote kwa kidole hewani, kusaga na kukoboa, akasema, "Haya. Imefika," kisha akamwambia Mzee awashe mashine.

Nilipofika nyumbani nililia, mwanangu. Nililia kwa sauti, ng'ombe wakageuka. Kogo anisamehe.

Ukiharibu kazi kule, na utaharibu, iharibu ukiwa juu ya ngazi, mbele ya watu, halafu uifute na uandike tena. Usishuke bila kuandika. Ukuta uliouharibu unaweza kuusugua na msasa. Ule ulioshuka bila kuugusa, mimi nimeubeba tangu ukiwa mgongoni.

Brashi ya mjomba wako sikupi. Fundi atakupa yako. Hii sikuiosha baada ya kazi na sikuirudisha kwenye mafuta. Iko pale dirishani, nimeiacha ikauke. Nikiandika hivi nimeinuka kuigusa, na manyoya ya pembeni yameanza kushikana.

Kesho pikipiki ikikubeba, mwambie asimame mbele ya poshomili. A ni mbovu, usiiangalie. B imelala kidogo. O ya pili ni yai. Angalia ile ya kwanza. Imepita juu na imepita chini, kama alivyosema, na iko sawa. Jumatatu wataifunika na kijani chao, koti moja, kwa haraka, najua watu wa bure wanavyopaka.

Na mimi nilitumia nyekundu, ile isiyo na adabu.

Mama yako,
Rael